Kochi, Saa na Ukimya: Mbinu ya Uchanganuzi Nafsi na Walioipindua

Uchanganuzi nafsi, au saikoanalisia kama wengine wanavyouita, ni tiba inayotumia maneno peke yake. Mgonjwa hulala kochini na kusema kila kinachomjia akilini, kiwe cha aibu, cha kipuuzi au cha kuudhi. Mchanganuzi huketi nyuma ya kichwa chake, mahali asipoonekana, akisikiliza. Husema kidogo, na akisema huwa anafasiri: hutaja maana iliyojificha katika ndoto, katika ulimi ulioteleza, au katika hasira ambayo mgonjwa mwenyewe haelewi imetoka wapi. Hatoi ushauri, hajibu maswali kuhusu maisha yake, hapokei zawadi, na muda ukiisha kikao kimekwisha, hata mgonjwa awe katikati ya kilio. Vikao huwa vinne au vitano kwa wiki, kwa miaka.

Hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa mbinu ya jadi, na kwa vizazi kadhaa vya wachanganuzi, hasa nchini Marekani, aliyeiacha alihesabiwa kuwa hafanyi tena uchanganuzi. Jadi yenyewe, hata hivyo, ni changa kuliko jina lake. Kila kipengele chake kina tarehe na sababu, mara nyingi sababu ya kawaida kabisa, na mtu anayedhaniwa kuiweka, Sigmund Freud wa Vienna, hakuifuata kama walivyoifuata wanafunzi wa wanafunzi wake.

Hata ugunduzi wa mwanzo ulikuwa wa mgonjwa zaidi kuliko wa daktari. Kuanzia mwisho wa 1880 hadi Juni 1882, Josef Breuer, daktari aliyeheshimika Vienna, alimtibu Bertha Pappenheim, msichana aliyeanza kuugua alipokuwa akimwuguza baba yake. Alikuwa na kikohozi kisicho na sababu, mkono wake ulikufa ganzi, na kwa muda alipoteza Kijerumani, lugha yake mwenyewe, akabaki akizungumza Kiingereza. Breuer aliona kwamba msichana huyo akisimulia jioni yaliyomsumbua, hasa tukio la kwanza lililozaa dalili fulani, dalili hiyo hulegea. Pappenheim ndiye aliyeupa utaratibu huo jina, kwa hicho hicho Kiingereza chake: tiba ya kuzungumza. Alipotaka kutania aliuita kufagia dohani. Kitabu cha Breuer na Freud kuhusu histeria, kilichotoka 1895, kilimficha kwa jina la Anna O. Baadaye akawa mtetezi maarufu wa wanawake wa Kiyahudi nchini Ujerumani, jambo ambalo wanaomtaja kama mgonjwa tu husahau kulieleza.

Freud alifungua chumba chake cha tiba mwaka 1886, baada ya miezi michache ya masomo kwa Jean-Martin Charcot jijini Paris. Alianza na zana za madaktari wa neva wa siku zile, yaani umeme hafifu, tiba ya maji na kukanda mwili, kisha kuanzia 1887 akaingia katika hipnosi, ile njia ya kumlaza mgonjwa usingizi wa maneno na kumwamuru apone. Hakuwa hodari wa kulaza watu. Mwaka 1889 alisafiri hadi Nancy kwa Hippolyte Bernheim ili kuinoa kazi hiyo, lakini mwaka huo huo alipewa somo kubwa zaidi na mgonjwa ambaye kile kitabu cha 1895 kinamwita Emmy von N. Mama huyu alichoshwa na maswali ya daktari, akamwambia aache kuuliza kila mara hili limetoka wapi na lile limetoka wapi, amwache aseme aliyo nayo. Freud alinyamaza. Kwa miaka michache zaidi alitumia njia ya katikati, akiweka kiganja kwenye paji la uso la mgonjwa na kumhakikishia kwamba akibonyeza, kumbukumbu itakuja. Mwishowe mkono nao uliondoka. Ukabaki usemi huru, kanuni moja ambayo karibu hakuna mwasi wa baadaye aliyethubutu kuifuta.

Kochi nalo lilibaki, na kisa chake kinatosha kuonyesha jinsi desturi inavyogeuka kuwa sheria. Lilikuwa zawadi ya mgonjwa mmoja, yapata 1890. Freud alilitandika zulia la Kiajemi, na alipohamia nyumba namba 19 ya mtaa wa Berggasse mwaka 1891 likawekwa humo, likakaa hadi alipowakimbia Manazi mwaka 1938 na kwenda nalo London. Mgonjwa wa hipnosi alihitaji mahali pa kulala. Hipnosi ilipoachwa, kochi halikuachwa. Mwaka 1913 Freud alikiri wazi kwamba ni masalio ya njia ile ya zamani. Akaongeza sababu ya pili, iliyo ya binadamu wa kawaida: hakuweza kuvumilia kutazamwa usoni na watu saa nane kwa siku au zaidi. Ndipo akatoa ya tatu, kwamba uso wa daktari usimpe mgonjwa dalili za kumwongoza. Vitabu vya mafunzo vilichukua sababu ya tatu. Ile ya pili haikufaa sana kuwa nadharia.

Jambo lililogeuza mbinu nzima ni kushindwa. Mwezi Oktoba 1900 baba mmoja alimleta kwa Freud binti yake Ida Bauer, ambaye maandishi yanamwita Dora. Rafiki wa familia alikuwa amemtongoza msichana huyu tangu angali mdogo, wakati baba yake mwenyewe akiwa na uhusiano na mke wa rafiki huyo. Freud alimwamini kuhusu matukio, lakini alimwandama kwa ufasiri, akimweleza kwamba kwa siri alimpenda mtu yule. Tarehe 31 Desemba, baada ya majuma kumi na moja, Dora aliaga na hakuendelea. Freud alipochapisha kisa hicho mwaka 1905 alikiri kwamba hakutambua kwa wakati uhamisho wa hisia: mgonjwa alikuwa amemvika daktari sura ya watu wengine wa maisha yake, akamlipizia kisasi kwa kumwacha kama alivyoona kwamba yeye ameachwa. Tangu hapo lililoangaliwa katika tiba halikuwa tena kumbukumbu peke yake. Kilichotokea baina ya wawili wale chumbani kikawa ndiyo malighafi.

Kati ya 1911 na 1915 Freud aliandika makala sita fupi za mbinu. Alikuwa amekusudia kuandika kitabu kizima cha utaratibu, lakini hakukimaliza, kwa hiyo makala hizo ndizo zilizogeuka msahafu. Ndani yake mna karibu kila kitu kilichobishaniwa baadaye. Daktari asikilize kwa usikivu ulioelea, bila kukaza akili kwenye jambo moja na bila kuandika. Awe kama mpasuaji anayeweka huruma yake pembeni ili mkono usitetemeke. Awe kama kioo, amwonyeshe mgonjwa yale tu aliyoonyeshwa naye. Mgonjwa wa kike akimpenda daktari wake, penzi hilo lisiitikiwe wala lisikemewe, lichunguzwe. Kuhusu fedha, kila mgonjwa amekodi saa yake kama mtu anayekodi saa ya mwalimu wa muziki, na asipokuja atailipa. Vikao viwe kila siku isipokuwa Jumapili na sikukuu. Alifananisha tiba na mchezo wa sataranji: vitabu huweza kufundisha mwanzo na mwisho tu, na yaliyo katikati hujifunzwa kwa kutazama mabingwa wakicheza.

Wasomaji wa baadaye waliruka sentensi moja muhimu. Katika makala ya 1912 Freud alisema kwamba utaratibu huo ndio unaofaa tabia yake mwenyewe, na kwamba daktari wa tabia nyingine huenda akajikuta akifuata njia tofauti.

Tabia yake mwenyewe, ikitazamwa kwa karibu, ilikuwa na nafasi pana. Mtunzi wa muziki Gustav Mahler alipomwomba msaada mwaka 1910, walikutana Leiden, Uholanzi, wakatembea mitaani kwa takribani saa nne, na huo ukawa ndio uchanganuzi wote. Mfuasi wake Max Eitingon, miaka mitatu kabla, alichanganuliwa wakati wa matembezi ya jioni Vienna. Ernst Lanzer, yule ambaye maandishi humwita Mtu wa Panya, alifika siku moja ana njaa, naye Freud akampa chakula. Jambo hilo limo katika madaftari ya kikao yaliyochapishwa mwaka 1955. Sergei Pankejeff, Mrusi tajiri, alipokwama katika tiba yake ndefu, Freud alimwekea tarehe ya mwisho, na Mrusi huyo alipofilisika baada ya mapinduzi ya 1917 Freud akamchangishia fedha. Zito kuliko yote, alimchanganua binti yake mwenyewe, Anna, kuanzia 1918. Hakuna chuo ambacho kingemruhusu mwanafunzi kufanya hata nusu ya hayo.

Daktari wa Kimarekani Abram Kardiner, aliyekuwa mgonjwa na mwanafunzi wa Freud mwaka 1921, alisimulia jinsi vikao sita kwa wiki vilivyopungua. Freud alikuwa amewakubali wageni wengi kuliko saa alizokuwa nazo: walihitaji saa thelathini na sita, naye alikuwa na thelathini. Anna alitoa suluhisho la hesabu ya darasani. Sita mara tano ni thelathini, na tano mara sita ni thelathini. Kila mmoja akiacha siku moja, wote watapata nafasi. Kardiner alieleza pia kwamba Freud alizungumza naye sana, ilhali wenzake Waingereza walilalamika kwamba kwao hufunga mdomo tu, mara nyingine husinzia. Kwa maoni ya Kardiner, Waingereza hao walirudi London wakidhani ukimya ule ndio mbinu.

Mwaka 1928 Freud mwenyewe aliandika kwa rafiki yake Sándor Ferenczi kwamba ushauri wake wa zamani ulikuwa wa makatazo hasa: alitaka kuonyesha yasiyofaa kufanywa, na yanayofaa akayaachia busara ya kila mtu. Matokeo, alilalamika, ni kwamba watiifu hawakuona ulaini wa mashauri hayo, wakayachukulia kama miiko.

Ferenczi ndiye aliyeistahili barua hiyo kuliko mtu mwingine. Alizaliwa Miskolc, Hungaria, mwaka 1873, na kwa miaka mingi alikuwa mtu wa karibu sana wa Freud. Wachanganuzi wenzake walimletea wagonjwa walioshindikana, naye hakupenda kusema kwamba mgonjwa hatibiki. Aliona afadhali kusema kwamba mbinu haijapatikana. Kuanzia 1919 alijaribu mbinu tendaji, ambamo mgonjwa aliamriwa kufanya anachokiogopa au kuacha starehe ndogo anayojifariji nayo, ili mkazo upande na mambo yaliyozikwa yafukuke. Baada ya miaka michache aliona kasoro yake: mgonjwa alitii kama mtoto anavyomtii mzazi mkali, na utii huo ndio uliokuwa ugonjwa.

Akageuka upande wa pili. Mwaka 1928 aliandika kuhusu unyumbufu wa mbinu na kuhusu uwezo wa mchanganuzi wa kuhisi ndani ya nafsi ya mwenzake. Katika mkutano wa Oxford wa 1929 alitetea kumlegezea mgonjwa, kumpa upole alioukosa utotoni. Habari zilimfikia Freud kwamba Ferenczi huruhusu wagonjwa wambusu, na Desemba 1931 akamwandikia barua kali yenye kejeli, akimwuliza mambo hayo yataishia wapi. Mwaka uliofuata Ferenczi alikwenda mbali zaidi. Mgonjwa wake wa Kimarekani, Elizabeth Severn, alidai kwamba tiba haisongi kwa kuwa daktari anaficha chuki yake dhidi yake. Baada ya kupinga kwa muda, Ferenczi alikubali kwamba ni kweli, na wawili hao wakaanza uchanganuzi wa kupokezana: kikao kimoja mgonjwa analala kochini, kingine daktari. Shajara yake ya kliniki ya 1932 inaonyesha faida na hatari. Chuki ilipokwisha kutajwa, mgonjwa alitulia. Lakini daktari anayejifungua hivyo kwa mgonjwa mmoja atatunzaje siri za wagonjwa wengine? Ferenczi mwenyewe aliona swali hilo halina jibu, akaacha.

Septemba 1932, katika mkutano wa Wiesbaden, alisoma makala yake ya mwisho. Alidai kwamba watoto wengi wamedhulumiwa kweli na watu wazima, na kwamba mchanganuzi aliyejificha nyuma ya adabu baridi anarudia dhuluma ile ile, kwa kuwa mtu mzima wa kwanza naye alikana kilichotokea. Freud alimsihi asichapishe. Ferenczi alifariki Mei 1933 kwa ugonjwa wa damu. Tafsiri ya Kiingereza ya makala hiyo ilikaa bila kutolewa hadi 1949, shajara haikuchapishwa hadi 1985, na Ernest Jones, katika wasifu wake wa Freud, alimwonyesha Ferenczi wa siku za mwisho kuwa mtu aliyerukwa na akili. Kwa nusu karne jina lake lilitajwa vyuoni kama onyo.

Mbinu ilipata ugumu wake vyuoni hasa. Zahanati ya uchanganuzi ya Berlin ilifunguliwa 1920 na Eitingon pamoja na Ernst Simmel, kuitikia hotuba ya Freud ya 1918 huko Budapest, iliyotabiri siku ambapo maskini watatibiwa bure na kukubali kwamba dhahabu safi ya uchanganuzi italazimika kuchanganywa na shaba ya ushauri wa moja kwa moja. Berlin ilitoa pia utaratibu wa mafunzo unaotumika hadi leo: mwanafunzi achanganuliwe, asome, kisha atibu akisimamiwa. Utaratibu huo ulihitaji vitu vinavyopimika, na idadi ya vikao hupimika kwa urahisi kuliko busara. Baada ya 1933 wachanganuzi wengi, wengi wao Wayahudi, walikimbilia Uingereza na Marekani. Marekani waliingia katika chama ambacho tangu 1938 kiliwataka wanachama wapya wawe madaktari, katika nchi ambamo kazi hii ilipata heshima na fedha haraka. Mkimbizi aliyepoteza mji, lugha na chuo alikuwa na sababu ya kushikilia mbinu kama mtu anavyoshikilia picha ya nyumbani. Hiyo haielezi yote, lakini inaeleza mengi.

Mwaka 1946 Franz Alexander, Mhungaria aliyeongoza chuo cha Chicago, alijaribu kulegeza. Katika kitabu alichoandika na Thomas French alishauri idadi ya vikao ibadilike kulingana na haja, na daktari achague makusudi msimamo ulio kinyume na wa mzazi aliyemwumiza mgonjwa, ili mgonjwa apate tajiriba ya kihisia inayosahihisha. Mfano wake aliutoa katika riwaya ya Victor Hugo, kwa askofu anayemtendea wema mwizi Jean Valjean. Walinzi wa jadi walimwona kama mwigizaji wa jukwaani. Jibu lililobaki katika kumbukumbu ni la Kurt Eissler, Mvienna aliyehamia New York, mwaka 1953. Eissler alisema kwamba katika mfano kamili wa uchanganuzi zana ni moja tu, ufasiri. Kingine chochote, hata neno la kutia moyo, ni kitu cha nje. Kiingizwe pale tu ambapo njia ya msingi imeshindwa, kwa kiwango kidogo kabisa, na kwa namna ambayo kitajiondoa chenyewe kabla tiba haijaisha. Kwa kipimo hicho Freud na bakuli lake la chakula angefeli mtihani.

London ilichukua njia nyingine, kwa sehemu kwa sababu ya watoto. Mtoto wa miaka mitatu halali kochini na kusema yaliyo akilini. Melanie Klein, aliyehamia London kutoka Berlin mwaka 1926, alimpa kila mtoto vinyago vyake vidogo katika droo yake mwenyewe, akafasiri mchezo kama wengine walivyofasiri ndoto. Anna Freud alipofika 1938 hakukubaliana naye, na kati ya 1941 na 1945 pande mbili zilijadiliana kwa ukali huku mji ukipigwa mabomu. Inasimuliwa kwamba Donald Winnicott, daktari wa watoto, alilazimika kusimama katika kikao kimoja na kuwakumbusha wenzake kwamba nje kuna shambulio la ndege. Jamii ya wachanganuzi ya Uingereza haikugawanyika. Iliwekeana mkataba wa mafunzo mawili chini ya paa moja, na kutoka hapo likajengeka kundi la tatu lisilofungamana na yeyote.

Badiliko lililosambaa zaidi lilitoka kwa Paula Heimann, mfuasi wa Klein. Hadi wakati huo, hisia ambazo mgonjwa alizizusha kwa daktari, yaani uhamisho kinyume, zilihesabiwa kuwa uchafu kwenye kioo: daktari arudi kuchanganuliwa azisafishe. Winnicott alikuwa ameshaeleza mwaka 1947 kwamba daktari wa wagonjwa wazito huwachukia wakati mwingine, na kwamba ni salama zaidi akijua. Heimann, katika mkutano wa Zurich wa 1949, alikwenda hatua zaidi. Daktari akijisikia ghafla kuchoka, kuogopa au kutaka kumwokoa mtu, hisia hiyo inaweza kuwa habari: mgonjwa amewasilisha kwa njia hiyo kile asichoweza kukisema. Heinrich Racker alikuwa akifikia mawazo ya jinsi hiyo Buenos Aires. Klein mwenyewe hakuipenda hoja hiyo, akihofia kwamba madaktari watawabandika wagonjwa matatizo yao. Hofu yake haikuwa ya bure. Hata hivyo kioo kilikuwa kimepasuka, na hakikuungika tena.

Jijini Paris vita vilikuwa juu ya saa. Jacques Lacan alihoji kwa nini kikao kiwe na urefu ule ule kila siku, iwapo ile sehemu ya nafsi isiyojitambua haisomi saa. Mgonjwa anayejua ana dakika arobaini na tano hujua pia jinsi ya kuzijaza kwa porojo hadi mlango ufunguliwe. Kikao kikikatwa ghafla kwenye neno zito, mkato huo hufanya kazi ya kituo katika sentensi, na mgonjwa huondoka na neno hilo masikioni. Hoja ina nguvu. Utekelezaji wake ulileta shaka, kwani vikao vilifupika hadi miaka ya mwisho vikawa vya dakika chache tu, na mtu anayeamua peke yake lini saa imeisha ana mamlaka ambayo hayana wa kuyahoji. Mwaka 1953 Lacan na wenzake walijitoa katika jamii ya wachanganuzi ya Paris. Mwaka 1963 shirika la kimataifa la uchanganuzi nafsi lilitaka aondolewe kwenye orodha ya wakufunzi ili kundi lake litambuliwe. Mwaka 1964 akaanzisha chuo chake, akakivunja mwenyewe 1980, mwaka mmoja kabla ya kufariki.

Barani Afrika swali lilikuwa la watu waliomo chumbani. Katika hospitali ya Fann, Dakar, ambako Henri Collomb aliongoza tiba ya akili kuanzia mwisho wa miaka ya 1950, Marie-Cécile na Edmond Ortigues walifanya kazi na wagonjwa Wawolof, Walebu na Waserere, wakachapisha kitabu chao mwaka 1966. Mtoto aliletwa na ukoo, na maradhi yake yalisemwa kwa lugha ya mizimu ya ukoo na ya uchawi. Kumtenga mgonjwa na jamaa zake na kumlaza mbele ya mgeni aliye kimya, kwa mazingira yale, kusingemaanisha utulivu, kungemaanisha adhabu. Hospitalini mgonjwa alilazwa pamoja na ndugu wa kumsindikiza, na vikafanyika vikao vya wote, kwa mfano wa baraza la kijiji. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, anayejua kwamba ngoma ya kupunga pepo huchezwa mbele ya jamaa na majirani, hatashangaa. Ofisi ya Berggasse yenye watu wawili na mlango uliofungwa ilikuwa desturi ya mahali pake pia.

Marekani nako ukuta uliporomoka polepole. Ralph Greenson, kuanzia 1965, alizungumzia ushirikiano wa kikazi kati ya daktari na mgonjwa, ulio wa kweli na usiopaswa kufasiriwa kama ndoto. Heinz Kohut wa Chicago, katika kitabu cha 1971, aliwaelekeza wenzake kwa wagonjwa ambao ukimya wa daktari uliwavunja vipande vipande, akaweka kuhisi pamoja na mgonjwa mbele ya kumfichulia makosa yake. Mwaka 1979 alitoa kisa cha Bwana Z, aliyechanganuliwa mara mbili, mara ya kwanza kwa njia ya jadi na mara ya pili kwa njia mpya. Wengi wanaamini kwamba Bwana Z ni Kohut mwenyewe na kwamba ule uchanganuzi wa pili ulifanyika kichwani mwake. Kama ni kweli, fani iliyodai ukweli wa ndani ilipata mojawapo ya hoja zake kubwa kwa njia ya hadithi.

Mwaka 1977 Samuel Lipton alirudi kwenye madaftari ya Lanzer na kile chakula. Alionyesha kwamba Freud hakukihesabu kuwa sehemu ya mbinu hata kidogo. Kwake ulikuwa uhusiano wa kawaida wa mtu na mtu, na mbinu ilihusu kazi ya ufasiri tu. Waliokuja baadaye ndio waliopanua mipaka ya mbinu hadi ikameza salamu, chai na pole ya msiba. Kwa hoja hiyo, ile iliyoitwa jadi ilikuwa ndiyo mageuzi.

Kundi la uhusiano, lililokua New York katika miaka ya 1980 likiongozwa na Stephen Mitchell, lilichukua hatua iliyobaki. Lilirithi mawazo kutoka chuo cha William Alanson White, ambako Clara Thompson, aliyewahi kuchanganuliwa na Ferenczi huko Budapest, alikuwa ameyahifadhi mengi ya mwalimu wake. Irwin Hoffman alidai mwaka 1983 kwamba mgonjwa naye humsoma daktari, na mara nyingi husoma sawasawa. Owen Renik, muongo mmoja baadaye, alisema kwamba daktari hawezi kujivua nafsi yake kwa sekunde hata moja, kwa hiyo afadhali amweleze mgonjwa anafikiri nini na kwa sababu gani. Wapinzani walijibu kwamba daktari anayejieleza sana humnyima mgonjwa nafasi ya kumchukia kwa uhuru. Mjadala huo unaendelea, na shajara ya Ferenczi, iliyofichwa kwa zaidi ya miaka hamsini, sasa inasomwa katika vyuo vya pande zote mbili.

Idadi ya vikao ilishikiliwa muda mrefu kuliko mengine, kwa kuwa vyeti vilitegemea hesabu hiyo. Ufaransa ilikuwa imezoea vitatu kwa wiki kwa wanafunzi wake tangu zamani, ilhali utaratibu wa Berlin ulidai vinne au vitano. Mwaka 2017 shirika la kimataifa liliruhusu vitatu hadi vitano. Miaka mitatu baadaye janga la korona lilifunga vyumba, na wachanganuzi waliokuwa wamekataa katakata kutibu kwa simu wakajikuta wakifanya hivyo ndani ya siku chache za taharuki. Mgonjwa alilala kitandani kwake, simu ubavuni, mlango umefungwa ili watoto wasisikie. Baadhi waliweka kamera nyuma ya kichwa, kama kiti cha Freud kilivyowekwa. Wengine, baada ya kutazamana na daktari kwenye skrini kwa wiki mbili, waliomba kamera izimwe kwa sababu ile ile aliyoiandika Freud mwaka 1913: kutazamwa usoni kulikuwa kumewachosha.